Vichwa Kumi na Kimoja vya Alizeti

Sepuka, 11 Juni

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote, hata yale ninayoyaonea aibu, kwa sababu nikificha utakuwa unamshauri mtu mwingine, si mimi. Majina tu nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Dada yangu Agripina anasoma shahada ya pili ya kilimo Ulaya, na ufadhili wake unaisha Septemba. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kuandika herufi na kijiti kwenye vumbi la uwanja wetu tukisubiri zamu ya kupiga alizeti kwa fimbo, na nikikosea alifuta kwa unyayo akasema, "Tuanze upya, hakuna aliyeona." Mpaka leo nikisikia harufu ya mashudu kutoka kwenye mashine ya mafuta nageuka kuangalia barabara, kama vile anakuja na dumu lake kichwani.

Huko mambo hayakuwa kama tulivyodhani siku tuliyomsindikiza stendi Singida Mjini. Mwaka wa kwanza alifeli somo moja kwa sababu mhadhiri alizungumza haraka naye akaona haya kuuliza, maabarani wenzake walijigawa wawili wawili akabaki peke yake, na kazi ya taaluma yake ameomba sehemu kumi na saba, wote wakamwambia hana uzoefu wa nchi ile, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili anaosha vyombo hotelini. Baba anajua picha za theluji tu. Mimi ananieleza, kisha anasema, "Basi yaishe, nisikilizishe kuku wakiingia bandani," nami nasogeza simu bandani, wote wawili tunasikiliza kuku.

Sasa profesa wake alimwambia kwamba utafiti wake ukiwa mzuri ipo nafasi moja ya kuendelea na shahada ya tatu. Dada akachagua alizeti ya kwetu, na kwa kuwa nauli ya kurudi hana, akaniomba mimi nipime. Tulipanda mistari mitatu, kila mmoja mashina ishirini, mmoja kwa samadi ya mbuzi, mmoja kwa mbolea ya dukani, mmoja bila kitu, na kazi yangu ilikuwa kupima upana wa kila kichwa kikishakomaa, kwa kamba na rula, na kuandika kwenye daftari. Profesa alitia shaka, eti mtoto wa shule na kamba. Dada akamjibu, "Mdogo wangu haandiki asichokiona." Alinisimulia huku anacheka kwa furaha.

Nilipima mistari miwili yote, na ule wa samadi vichwa tisa tu. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya sadaka ya mavuno, na baada ya ibada vitu hunadiwa nje ya kanisa. Mzee wa kanisa, Hezekia, akanyanyua ungo: "Alizeti ya binti yetu wa Ulaya hii! Tazameni vichwa, kama masinia! Nani anaongeza?" Nikaona nyuzi nyekundu nilizofunga mwenyewe kama alama. Vilikuwa vichwa kumi na kimoja, vyote vya samadi, vyote ambavyo sijapima. Nikamnong'oneza Mama, "Hivyo ni vya utafiti wa dada!" Akanishangaa. "Alizeti ya Agripina, sadaka ya Agripina, ili afaulu. Nimpelekee Mungu vile vibovu? Unalia nini, we mtoto?" Niliona aibu kusimama mbele ya watu kuidai sadaka, na mnunuzi akafunga kiroba kwenye pikipiki akaondoka.

Jioni nilikaa na daftari lenye nafasi kumi na moja wazi, nikazijaza kwa kukisia, sentimita ishirini na mbili, ishirini na nne, kama nilivyovikumbuka, nikamtumia dada picha ya daftari. Siku ya tatu dada akapiga simu akipaza sauti: "Samadi imeipita mbolea ya dukani! Tarehe thelathini nazungumza mbele ya maprofesa!" Nikamwambia hongera. Nikisema ukweli sasa, profesa atajiona alikuwa sahihi na dada atarudi Septemba bila kitu kwa sababu yangu, na nisiposema, huenda namba zile ni za kweli, au karibu na kweli. Mwisho wa mwezi ng'ombe wataachiwa mabua na shamba halitaonyesha chochote.

Mshauri, gazeti hufika kwetu Jumamosi, nami nitalisubiri barabarani: je, naweza kulibeba hili peke yangu mpaka dada apate nafasi yake, au nimwambie kabla hajasimama?

Yustina

Binti yangu Yustina,

Marahaba. Mimi pia niliwahi kusoma mbali, na wale kuku wenu wamenirudisha huko. Kilichoniumiza miaka ile haikuwa baridi. Ni barua za nyumbani zilizosema wote wazima, nikaja kujua baadaye kwamba hawakuwa wazima. Kwa hiyo utanivumilia nikikugombeza.

Mama yako simlaumu, alimtolea mwanawe kilicho bora. Dada yako anayo sehemu yake, aliweka utafiti shambani bila kumweleza mama mwenye shamba kwa nini vichwa visiguswe. Kunyamaza kwako mnadani nakuelewa, hata mimi nisingethubutu kumkatiza mzee wa kanisa. Lakini ile kalamu ya jioni nani alikushikisha? Dada yako alikutaja mbele ya profesa, wewe ukampa namba za kubuni. Akiulizwa swali moja gumu juu ya mstari ule ataanguka mbele ya watu, wala hatajua amejikwaa wapi. Usiniambie huko ni kumbebea mzigo.

Gazeti hili likikufikia, nenda shambani siku hiyohiyo. Mashina kumi na moja ambayo Mama aliyakata vichwa bado yamesimama. Pima unene wa kila moja kwa kamba ileile, na yale tisa mengine pia, upige picha. Kama yatasaidia au hayatasaidia, huo ni usomi wa dada yako, si wako. Daftarini usifute kitu: piga mstari juu ya kila namba uliyobuni, andika pembeni "sadaka ya mavuno", na tarehe.

Kisha mpigie simu, na kabla ya kuku mwambie: "Dada, namba kumi na moja nilizibuni." Atakasirika, mwache. Nafasi anaweza kuikosa, sikudanganyi, lakini akienda kwa profesa mwenyewe kabla ya tarehe thelathini, atasimama akijua anachokisema. Mama naye aelezwe yote kwa upole, na mwakani mumpandie mstari wa nne, wa kanisani.

Siku zile za vumbi alikwambia hakuna aliyeona. Si kweli, binti yangu. Yeye aliona, ndiyo maana aliweza kufuta. Mwonyeshe na hili.