Fundo Lililofunguka

Kiganjo, Thika, Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Wambui,

Sisi tu wazima. Mama yako amehamia Mugutha, na koti la marehemu guka, babu yako, bado liko nyuma ya mlango.

Unauliza kama uamini fomu za utafiti wako, maana wanafunzi wote wa uhandisi wamejaza kwamba wameelewa somo.

Nilipoajiriwa katika kiwanda cha nguo hapa Thika, fundi alitufundisha kuunga uzi kwa fundo unapokatika kwenye mashine. Akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo!" Mimi nilipaza sauti kuliko wote, kwa kuogopa kurudishwa nyumbani.

"Haya, wewe mwenye sauti, hebu funga nione."

Vidole vilitetemeka, fundo likafunguka. Wenzangu walicheka, kisha mafundo yao pia yakafunguka. Fundi hakumfukuza mtu. Alianza somo upya, na tangu siku hiyo hakutuuliza tena kama tumeelewa. Alitugawia uzi tu, tufunge aone. Ndiye aliyekuja kuwa guka wako.

Labda nawe uwape wanafunzi kazi ya mikono uwatazame, hata kama utachelewa kumaliza masomo yako. Ukimwona mmoja anatetemeka vidole, unikumbuke.

Nyanya yako, Shosho