Chotara Niliowatengeneza kwa Uvivu

Jumapili, Novemba. Saa tisa alasiri, Dagoretti.

Mvua imeanza tangu asubuhi na haina haraka ya kwisha. Kanisani sikuenda. Nimemwambia dada yangu kichwa kinaniuma, na huo pia ni uongo, nimeuongeza kwenye ile mingine.

Nina aibu. Nimeona heri niandike sasa hivi, hapa kwenye simu, kabla sijaanza kujitafutia visingizio, maana najijua.

Mimi ni fundi wa maabara kule Upper Hill, chumba cha ghorofa ya tatu chenye friji mbili na hadubini moja nzuri. Kazi yangu ni kuandaa vichupa ili DNA isomwe. Mwaka huu wote nimekuwa nikimsaidia Mumbua, msichana wa Kitui anayemalizia shahada ya uzamili. Utafiti wake huwachekesha watu: haidrozoa wa bahari ya baridi. Ni wanyama wadogo, jamaa za yavuyavu, wanaoota juu ya mwani mpaka ukafikiri ni manyoya. Msimamizi wetu, tunayemwita Daktari tu, alisomea huko kaskazini ya mbali akarudi na sanduku la hao wanyama ndani ya spiriti. Kila mtu anatuuliza mbona tusisome samaki wa Mombasa. Mumbua huwajibu kwamba samaki wa Mombasa wana wenyewe.

Swali lake ni zuri, nami naliheshimu. Kuna aina mbili za hawa wanyama zinazoishi kwenye mwani mmoja. Je, jeni zao hutofautiana kiasi gani kutoka ghuba moja hadi nyingine? Na je, aina hizo mbili huzaana zikapata chotara? Agosti majibu yalitoka kwenye mashine. Vichupa kumi na viwili vilikuwa na jeni za pande zote mbili. Chotara! Mumbua alipiga kelele mpaka askari wa getini akapanda juu kuangalia kuna nini.

Mimi nilikuwa nyuma yake, na sikushangilia.

Sababu ni hii. Hawa wanyama huishi kwa makundi, vichwa vingi kwenye shina moja, na makundi mawili ya jirani hujisokota pamoja kama rasta. Unatakiwa uiname kwenye hadubini, uchukue kichwa kimoja tu kwa kibano, ukioshe, ukitie kwenye kichupa. Kimoja kimoja, siku nzima, shingo inauma. Sasa Ijumaa moja mwezi wa tano nilikuwa nimebakisha trei moja, na jamaa zangu walikuwa wananingoja huku Dagoretti, nyama iko motoni. Wananipigia simu kila dakika. Nikaanza kung'oa kishada kizima na kukitumbukiza hivyo hivyo. Kazi ya siku nzima niliimaliza kwa nusu saa.

Ukitia wanyama wawili wa aina mbili kwenye kichupa kimoja, mashine itasoma jeni za wote wawili na wewe utadhani umepata chotara. Mashine haina kosa hapo. Siku ile Mumbua anashangilia, nilifungua daftari langu kimyakimya. Vichupa tisa kati ya vile kumi na viwili vilitoka kwenye trei yangu ya Ijumaa.

Sikusema.

Tena afadhali ningekuwa nimenyamaza tu. Kuna kipimo cha kujua ukweli. Chotara wa kweli ana mama mmoja, na kuna sehemu ya DNA inayotoka kwa mama peke yake. Ukikuta mama wawili kwenye kichupa kimoja, jua humo mna wanyama wawili. Mumbua si mjinga, aliniomba nifanye kipimo hicho. Nikamwambia dawa ya kipimo imeisha, tunangoja nyingine. Dawa ilikuwa kwenye friji, rafu ya chini, nimeisukuma nyuma kabisa. Aliniuliza mara tatu, na mara zote tatu nilimtazama machoni nikasema bado haijafika. Nikikumbuka hapo natamani ardhi ipasuke.

Juzi Ijumaa aliwasilisha kazi mbele ya idara nzima, mara ya mwisho kabla ya kukabidhi tasnifu kesho Jumatatu. Mzee mmoja wa jopo akamuuliza ana uhakika gani kwamba kila kichupa kilikuwa na mnyama mmoja. Swali lenyewe kabisa! Mumbua hakusitasita. Akaninyooshea mkono nilikokuwa nimeketi, akasema vichupa vyote niliviandaa mimi, na mkono wangu anauamini kuliko wake. Daktari akaniambia nisimame watu wanione. Nikasimama, wakapiga makofi.

Na mimi, mwanamume mzima, nikatabasamu.

Jana sikuweza tena. Nilitembea kutoka mjini hadi Ngara, anakokaa. Mlango ukafunguliwa na mama yake, amekuja kutoka Kitui kumsikiliza binti yake. "Kumbe ndiye wewe Wafula! Karibu, karibu. Nyinyi Waluhya mmezoea kuku, leo utavumilia muthokoi wetu, mahindi na maharagwe." Kwenye kochi alikuwa ametandaza kitambaa cha kijani cha kushona gauni lake mwenyewe la kwenda mahafali Desemba. Akaniuliza kama rangi hiyo inamfaa. Nikasema inamfaa sana.

Nilimwomba Mumbua tutoke nje pale koridoni wanapoanika nguo, nikamwambia yote ya trei. Alisikiliza ameegemea ukuta.

"Ni vichupa vingapi?"

"Tisa."

"Na vile vitatu?"

"Vile niliviandaa vizuri. Haki ya Mungu."

Akatikisa kichwa kukubali, na nikadhani basi, yamepita. Halafu akaniuliza kuhusu ile dawa. Nikamwambia ilikuwepo.

"Aki Wafula. Kukosea si ungeniambia tu? Tungerudia trei moja, wiki mbili tumemaliza. Lakini tangu Agosti unaniangalia tu nikiandika kitabu kizima juu ya uvivu wako?"

Akaingia ndani, nami nikamfuata kuchukua koti langu. Akamwambia mama yake mahafali ya Desemba hayatawezekana. Mama akauacha mwiko kwenye sufuria, akauliza kwa nini, nani ameharibu.

"Ni mimi, mama. Sikuangalia vizuri."

Hata hakunitazama. Na mimi nimesimama pale pale, koti mkononi, miaka thelathini na minne. Nikasema kwaheri nikashuka ngazi.

Nilifika barabarani kwa wauza viatu. Mmoja akaniita, "Buda, kuja ujaribu, saizi iko!" Nikamwangalia kama sielewi lugha. Nikarudi, nikapanda zile ngazi zote tena, nikabisha. Alifungua mama. Mumbua alikuwa chumbani, nilimsikia analia.

Nikamwambia mama hapo hapo mlangoni kwamba si Mumbua. Ni mimi niliyeharibu, nikaficha miezi mitatu, na binti yake hana kosa lolote.

Hakupandisha sauti.

"Kila akipiga simu nyumbani ni Wafula hivi, Wafula vile," akasema. "Mimi nimekuwa nikikuombea pamoja na yeye." Kisha akashika mlango. "Sasa nenda, mwanangu. Leo sitakukaribisha tena."

Heri angenitukana.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa Daktari, kabla Mumbua hajafika, ili asije akasema tena ni yeye. Nitamwonyesha daftari na nitaitoa ile dawa kwenye friji mbele yake. Nitaomba nirudie trei nzima mwenyewe, kichwa kimoja kimoja. Akinifukuza kazi, sina la kulalamika.

Lakini kuna jambo nimejiuliza tangu asubuhi. Kama jana nisingemsikia Mumbua akijitwika kosa langu, ningeenda kwa Daktari kesho? Nataka sana kuandika ndiyo. Nimeshika simu hapa muda mrefu, na siwezi.