Kiganja cha Ambokile

Jumapili

Bado nakiona kiganja chake. Leo niliendesha mchezo wetu wa kuungama kwa simu ya video, wazee watatu: likitajwa kosa ulilowahi kutenda, unafunika kamera.

"Aliyewahi kusogeza masale, mimea ya mpaka," nikatania. Ambokile anapakana na shamba letu la Kyimo, nililoliacha miaka arobaini iliyopita.

Akafunika.

"Mwizi wewe!" Tuntufye, mwenzetu wa tatu, akacheka. "Haya, toa mkono."

Alipoutoa, nyuma yake, ndani ya ukungu, niliona kaburi la mama. Masale yalikuwa yameshalipita. Sasa liko kwake.

"Tunamtunza, ndugu yangu," alisema taratibu. "Jioni huwa anakuulizia."



Kesho nakata tiketi. Mpaka utasubiri. Kwanza niende nikamjibu mama.