Kukagua Kitabu cha Mapishi Yasiyo na Nyama

Sadoki, nimefedheheka. Nimetoka duka la vitabu la Raudha sasa hivi.

Unajua mjukuu wangu Nancy ameacha nyama, samaki, mayai, hata maziwa. Mara ya mwisho alikula wali mtupu mezani pangu, huku samaki wangu, mbasa mzima, akipoa. Niliumia. Anarudi kesho, nami nikaenda kukagua kitabu cha mapishi hayo, nijue kama kinastahili kununuliwa.

Nusu yake ni ndizi za karanga. Mke wangu Damari huzipika bila kitabu!

Lakini palikuwa na keki isiyo na yai hata moja. Sikuwa na karatasi. Nikachukua kalamu, nikaanza kunakili kiganjani.

"Mwalimu, unaibia?"

Raudha, Sadoki! Yule yule niliyemchapa viboko darasa la saba kwa kosa hilo hilo, kuandika majibu ya mtihani kiganjani, mbele ya shule nzima!

"Nyoosha mkono, Mwalimu."

Nikanyoosha. Mbele ya wateja wote, nikanyoosha!

Akaniwekea kitabu kiganjani. "Huku hatuchapi, Mwalimu. Tunauza."

Nikalipa, tena bila kuomba punguzo.