Majivu Chini ya Mbuzi wa Shangazi

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifika, lakini ungenisuta nikianza bila salamu.

Yule mbuzi wako mweusi, uliyemwita Bi Arusi kwa maringo yake, amezaa. Ndiye wa mwisho katika mbuzi wako. Wenzake waligawanywa kwa warithi, nao hawakuchelewa kuwala. Alizaa vizuri, ila kondo la nyuma likagoma kutoka. Likaoza. Masikio yakawa moto, hata maganda ya muhogo hayataki. Jirani yetu Mzee Salumu akafika na kisu kimeshanolewa.

"Chinja, bwana, kabla hajawa mzoga! Akifa mwenyewe, nani atamla?"

Huruma yake ilikuwa imeshafika kwenye mchuzi. Nami mkono ulikuwa kwenye kamba. Ndipo nikakukumbuka.

Kila alipochinjwa mbuzi wa homa ya uzazi hapa Mchinga, ulikwenda kuomba figo. Watu wakakuona una uroho wa ajabu. Kumbe ulikuwa unazipasua, unatazama zilivyovimba na kupauka, kisha unazifukia. "Uozo ukishaingia kwenye damu," ulinieleza, "figo zinalemewa. Usiniambie anakula au hataki. Niambie kama amekojoa." Ukaanza kutandaza majivu makavu chini ya mgonjwa, uyasome asubuhi. Hakuna aliyekufundisha. Mimi nimekua na mbuzi, na mkojo wao niliujua kwa kuukwepa tu.

Basi nikamwambia Mzee Salumu angoje. Bwana mifugo akaja na baiskeli ya Serikali, akamsafisha, akaacha vidonge, akasisitiza maji. Nikamnywesha kwa chupa, polepole, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nikatandaza majivu.

Jioni yalikuwa makavu.

"Haya, yamesemaje?" Mzee Salumu akauliza.

Mawazo yangu yalikuwa kitandani kwako, Shangazi. Kile kidonda cha mguu, homa ile, sisi tumekuzunguka tunakuambia utapona. Ukalitazama beseni la mkojo, tupu, ukacheka. "Baba, majivu yangu makavu. Niitieni ndugu zangu niwaage." Ukatuaga mmoja mmoja, na mimi ukanikumbusha kufunga banda. Sijaona moyo kama ule. Sidhani kama nitauona tena.

Alfajiri niliingia bandani naogopa kutazama chini. Sikuhitaji kutazama. Bi Arusi alinikojolea mguuni. Nilipiga kelele, mke wangu akadhani nimeumwa na nyoka. Mzee Salumu amekirudisha kisu kwake, na salamu zake siku hizi ni fupi.

Mtoto ni jike. Ana maringo kama mama yake, na ananitazama kama wewe: kama mtu asiyeniamini sana.

Mungu akulaze pema, Shangazi. Jiko lako bado linawaka. Maadamu kuna mbuzi katika banda hili, majivu yake sitayatupa.