Namba Iliyo Ndani ya Saa

Mjukuu wangu Yohana,

Mbukwa, salamu za kwetu. Shikamoo yako imefika, marahaba. Uwele umekauka mwaka huu na mjomba wako bado anakohoa. Mengine tunavumilia.

Unasema fundi saa wa huko Dar es Salaam ameifungua saa ya kaka yangu Ndahani, akakuta namba ndani ya kifuniko, na kwamba kwa namba hiyo atajua mwaka saa ilipotengenezwa. Unauliza mbona hatukukuambia. Namba tuliijua; kwamba inataja mwaka wa saa, hatukujua.

Wakati wa vita Wajerumani walimchukua Ndahani hapa Ihumwa akawabebee mizigo. Mpagazi mwenzake alirudi peke yake na saa hiyo. Alitueleza kwamba Ndahani aliiokota kwenye maiti ya ofisa, kisha homa ikamwangusha njiani.

"Nilimwacha akipumua," alisema yule mpagazi, bila kututazama.

Mama alipokifungua kifuniko akaiona namba, aliamini Wajerumani wamemwandika mwanawe humo. Saa aliificha wasije wakamnyang'anya. Mimi, niliyejifunza tarakimu misheni, nikamnakilia namba kwenye kipande cha kibuyu, akakipeleka bomani kwa Wajerumani.

"Huyu ni mwanangu. Yuko wapi?"

Karani alifungua daftari, akalifunga. "Mizigo ndiyo tuliyoipa namba, mama. Wapagazi hapana."

Aliporudi alinipa patasi, nikaichonga namba ile kwenye jiwe nyuma ya zizi, liwe kaburi lake Ndahani. Ndilo ulilokuwa ukilikalia ukichunga ndama. Nilikuona, nikakuacha ukae.

Fundi akiupata mwaka wa saa, niandikie. Mwaka aliokufa Ndahani usimsumbue kuutafuta.

Bibi yako