Nusu Kijiko

Fahimu, ndugu yangu,

Ulipokuwa masomoni ulianza kila barua kwa kuniuliza hali, nami nilikujibu kwa kukugombeza. Leo sikuulizi hali. Niliuona uso wako kabla haujafunikwa, na tangu siku hiyo sijapatana na mtu.

Shangazi Mwanaisha, aliyetulea Mama alipotutoka, sasa amelala kwenye kitanda chako, chumba cha juu, kwa kuwa ndicho pekee kinachopata upepo. Ni saratani kama yako, nayo imeingia mifupani. Daktari amempa dawa ileile uliyopewa wewe, mofini ya maji katika chupa ya kahawia, kijiko kizima kila mara. Anafumba mdomo. Majirani wanakuja na uji, wanamwambia, "Vumilia, Bi Mwanaisha, ni kafara ya madhambi," naye anaitikia kwa kichwa. Wawili nimewafukuza. Hilo neno "vumilia" nalichukia kuliko tusi. Sijalisikia likitoka kinywani mwa anayeumwa. Hulisema aliyekaa kitini pembeni, chai mkononi.

Kuna jambo hukuambiwa ukiwa hai, nami sikulijua mpaka ulipozikwa. Ulikuwa ukipewa nusu kijiko. Nusu iliyobaki Shangazi alijazia maji. Niliikuta chupa ina dawa nyingi mno, nikamuuliza, akajibu bila kuficha: "Nilichelea atalewa, asije akafa hakutamka shahada."

Ndiyo, Fahimu. Wewe uliyemaliza ujana wako maabarani ukichunguza vipokezi, vile vitu vidogo kwenye mishipa ya fahamu vinavyopokea habari ya moto na jeraha ili ipelekwe ubongoni, ulilala pale ukijitafutia sababu. Ulinishika mkono, ukasema kwa sauti ya mwalimu, "Vipokezi vyangu vimeizoea dawa, Dada. Haviitiki tena. Ni jambo linalojulikana." Ukakataa nimwite daktari akuongezee; ukasema mofini ni haba na wapo wanaoingoja. Nikaamini, kwa kuwa ni wewe uliyesema. Elimu yako yote ikawa inatafuta kosa mwilini mwako, na kosa liko kwenye kijiko.

Na shahada hukuitamka. Meno yako yalikuwa yameumana kwa maumivu. Aliyekutamkia ni yeye, sikioni.

Siku ya hitima nilimwita muuaji mbele ya wageni. Sijalifuta neno hilo. Nimegombana kwa kalamu na mawaziri, na matajiri wa bandarini, na masheikh wanaopenda kamera, wala sikumwogopa hata mmoja. Sikuona kwa nini nimwogope bibi mwenye buibui. Hata habari ya ugonjwa wake ilipokuja nilijisemea: sasa atayajua maumivu yako.

Ameyajua. Nimemwona akiuma kanga ili sauti isifike kichochoroni. Juzi, baada ya alasiri, nilikaa naye na kijiko nikamwambia afumbue mdomo. Akaugeuza uso. "Niwate, Zuhura. Nilimpunja ndugu yako. Wacha nami nionje."

Kwa muda nilitaka kumwacha aonje. Nakwambia wewe, simwambii mwingine.

Kisha nikakukumbuka Makadara, tumesimama kwa muuza viazi karai, mimi nimetia pilipili nyingi kwa ubishi wangu, machozi yananitoka na wewe unanicheka. "Ulimi wako haujaungua hata kidogo, Dada. Pilipili imebisha mlango wa moto, na bawabu amepiga ukelele wa moto." Nikasema bawabu huyo afukuzwe kazi. Ukaacha kucheka, ukasema hapana, maskini, yeye hajui nani amebisha wala kwa nini. Hamjui mwema wala mwovu. Kazi yake ni kupiga ukelele tu.

Hilo ndilo nililomwambia Shangazi, kwa ukali, maana sina sauti nyingine. Maumivu si kadhi. Hayajui nani kakosa. Mshipa wa mtoto mchanga huyapandisha kama unavyoyapandisha wako, na ukiumwa mpaka kesho hakuna hata chembe ya uchungu wa Fahimu itakayopungua. Nikamkumbusha na lile ulilomwambia kwenye kitanda hichohicho, akakunyamazisha usichoke: kwamba mwili wa binadamu hujitengenezea dawa ya namna hii, na vipokezi vya kuipokea tunazaliwa navyo, kabla ya hospitali na kabla ya chupa.

Akatazama boriti za dari. "Basi ni Mola aliyeviweka," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Lakini baadaye akauliza lile nililokuwa nikilikimbia. "Fahimu alijua ni mimi?"

Sijawahi kumpunguzia mtu ukweli, na yeye sikumpunguzia. Nikamwambia, "Hakujua. Alidhani ni mwili wake uliomgeuka."

Alilia bila sauti, kifua kikiruka, namna ambayo sitaki kuiona tena. Mkono wangu, huu unaojigamba kwa kalamu, uliimwaga dawa kwenye foronya. Nikajaza tena, kijiko kizima, mpaka ukingoni. Akafumbua mdomo.

Alilala. Alipoamka, kabla ya magharibi, alitamka shahada, maneno yote, ulimi mwepesi. Kisha akanitazama, nami nikamtazama. Sote wawili tulikuwa tumesikia kwamba na wewe ungeweza.

Sijamsamehe, Fahimu. Pengine sitamsamehe, na usinisute kwa hilo utakapoonana naye, maana hatakawia. Lakini kijiko kiko mkononi mwangu, na nakuahidi kitajaa kila mara mpaka siku yake. Dawa ikikosekana kwenye dirisha la hospitali, nitasimama palepale nipige kelele mpaka wafungue kabati. Kazi hiyo unajua naiweza. Na kila atakayeingia chumba hiki na neno lake la kuvumilia, atashuka ngazi nalo.

Lala, ndugu yangu. Bawabu wako amenyamaza. Huyu wa chumba cha juu niachie mimi.

Dada yako mgomvi,
Zuhura